Ufito Uliokwanguliwa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimejaribu ufito mpya wa kuvulia uwanjani nyuma ya karakana. Kama kawaida, sikufunga ndoano, nimefunga kipande cha sufu nyekundu mwisho wa mshipi. Majani ndiyo maji yangu. Nimerusha mita ishirini na tatu tu! Enzi za ubingwa wangu wa kurusha nilipita thelathini huku napiga soga. Ufito mgumu huu. Nimemwambia fundi aukwangue tena kwenye ncha, uwe mwembamba. Akakuna kichwa, akasema hii itakuwa mara ya tatu. Nikamjibu nilianza kubuni fito yeye akiwa bado ananyonya. Baadaye nimeona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Sasa unapinda vizuri. Unanitii! Mita ishirini na sita. Nimetia sahihi, fito arobaini za maonyesho ya Jumamosi zikwanguliwe hivyo hivyo. Nyumbani nimemsimulia mke wangu jinsi fito zilivyonisumbua. Akacheka: mchagua jembe si mkulima. Utani wake tu. Akanimiminia chai. Kikombe nimekishika kwa kushoto, asione.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yangu amekuja karakana. Nilimfundisha mwenyewe kurusha, akiwa na miaka sita, kitabu kimebanwa kwapani ili kiwiko kisiruke. Leo ni bingwa kunishinda. Akajaribu ufito wangu mpya—mshipi ukamwangukia miguuni kama tambi. Mara tatu. Akachukua pacha wake wa kwanza, usiokwanguliwa hata mara moja, niliouita mgumu tangu mwanzo. Sufu ikapita alama ya thelathini na mbili.

Fundi akainama kuokota kitu, na hapakuwa na kitu.

Binti akanishika kifundo cha mkono, taratibu. "Baba, tangu lini?"

Tangu mwaka juzi, nikasema. Vidole vinakufa ganzi, kisha mkono mzima unalegea. Sijamwambia mtu, hata mama yako. Nimelia mbele ya fundi. Nimewaharibia fito arobaini ili nisikubali kwamba kilichoharibika ni mkono.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika ukingoni mwa bwawa, kwenye benchi. Maonyesho yameanza. Asubuhi nimemweleza mwenye karakana: fito hizi zimetengenezwa kwa kipimo cha mkono mgonjwa, usiziuze. Akasema tutaongea kesho, mzee wangu, leo rusha tu, watu wako mbali, hawatajua. Hawatajua! Na atakayenunua akaenda mtoni, akajiona hajui kurusha?

Binti anasema arushe yeye, kwa ufito ule wa kwanza, na mimi niseme ukweli kwenye kipaza sauti. Mama yake yuko mstari wa mbele, hajui lolote, ananipungia. Moyo unaniuma. Miaka thelathini na minne kazi yangu ni hii moja.

Wameniita. Makofi.

Wameniita tena. Binti amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono. Sijui anaomba ufito ulio mapajani mwangu au anataka kuniinua—