Nimemzika Bibi Yangu Akiwa Hai

Dodoma, 14 Agosti 1954

Bi. Mwantum, shikamoo. Kabla sijaeleza lolote nakuomba jina langu lisitokee gazetini, na nakuomba unishike mkono, maana nimefika mahali sioni pa kupita, na shida yenyewe nimejitakia.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na miwili, kwetu ni Busi, Kondoa, nasomea uganga msaidizi katika hospitali moja hapa mjini na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Sisi wanafunzi tunazungushwa, wiki sita wodi ya wanaume, wiki sita ya watoto, wiki sita chumba cha upasuaji, na ratiba ameibandika Sista, Mzungu anayetusimamia, mlangoni mwa ofisi yake, na ukikosa siku moja tu wodi nzima unairudia, isipokuwa umeugua wewe mwenyewe au umefiwa na mtu wa karibu, hayo yameandikwa chini kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari. Sasa mwezi wa sita niliitwa Dar es Salaam kwa intavyuu ya mafunzo ya juu ya uganga, nafasi nne tu kwa Tanganyika nzima, na siku yenyewe ikaangukia katikati ya zamu yangu ya watoto, nikaisoma ile ratiba mara tatu, nikaingia kwa Sista nimekusudia kumweleza, lakini aliponitazama juu ya miwani yake mdomo wangu ukasema bibi yangu amefariki.

Bi. Mwantum, bibi huyo ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nami ndiyo kwanza naanza kutembea. Sista alisimama, akanipa mkono, akaniambia pole kwa Kiswahili chake kigumu, akanipa siku tano, nami nikapanda treni ya Dar es Salaam badala ya lori la Kondoa.

Nilichosahau ni utani. Mwenzangu Bartolomayo, ninayekaa naye chumba kimoja, watu wa kwao na wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akisikia msiba hakai, kazi za msibani ni zake na kumtania marehemu ni haki yake, nami sikuwa nimemwambia ukweli kwa kuogopa utavuja. Basi akaomba siku zake za mapumziko, akaenda dukani kwa Mzee Akbarali kutafuta lori, na mzee aliposikia habari akampakia, akamwongezea mchele na sukari ya hitima, safari mpaka Busi. Alipofika uwanjani kwa bibi akafanya kama mtani afanyavyo, akajilaza njiani, akapaza sauti kwamba leo amekufa yule mchoyo asiyempa mgeni togwa, na marehemu akatoka ndani na ungo mkononi akauliza ni nani aliyekufa.

"Ni wewe, bibi," Bartolomayo akamjibu.

Ndipo akaunganisha mambo, maana barua yangu ya intavyuu alikuwa ameiona kitandani, akamweleza bibi yote. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, akauchukua ule mchele akaupika, akasema kama amekufa basi ale hitima yake mwenyewe, na walipokwisha kula akampa ujumbe aniletee: "Mwambie hakuwa na haja ya kuniua. Angeniambia, ningeugua."

Sasa shida imekuwa mara mbili, maana intavyuu ya kwanza nimepita na naitwa tena Alhamisi tarehe 9 Septemba, na wiki hiyo hiyo ratiba imeniweka chumba cha upasuaji, na wiki hiyo hiyo anakuja daktari wa macho ambaye hapa Dodoma hufika mara mbili tu kwa mwaka, na bibi yangu, mwenye mtoto wa jicho, jicho moja limekwisha na la pili linafuata, nimembembeleza miaka miwili akikataa, safari hii amekubali, anasema anataka kuiona hospitali iliyomzika. Atapasuliwa Jumatatu, mimi natakiwa niwe kwenye treni Jumatano, nimwache amefungwa macho na Kiswahili chenyewe hakijui vizuri, na Sista ndiye anayepokea wagonjwa na kuwauliza ni wa nani. Nimefikiri nimwandikishe kwa jina jingine kama shangazi yangu, au nimpelekee habari asubiri mpaka Februari. Nifanye lipi, mama?

Mjukuu Mwenye Aibu


BI. MWANTUM ANAJIBU

Marahaba, mjukuu. Jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijapigwa chapa, kwa sababu wapishi wa hospitali husoma gazeti hili kwa bidii kuliko ninyi mnavyosoma vitabu vyenu.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika penye ungo niliiweka barua chini nikafuta macho. Halafu nikafika kwenye ujumbe wa bibi yako, nikayafuta tena, na safari hiyo sikuwa nacheka.

Barua yako nimeirudia nikitafuta mahali ulipomwomba Sista ruhusa ya kwenda kwenye intavyuu. Hapapo. Uliisoma karatasi mlangoni, ukaiogopa, ukamzika mtu. Huyo mama hajakukatalia hata siku moja. Umejikatalia wewe mwenyewe, kwa niaba yake, kisha ukapokea pole yake.

Habari ya shangazi iache kabisa. Mgonjwa akiitwa kwa jina lisilo lake ataitika nani? Aliyekosewa jina anaweza kukosewa na jicho, na wewe ni mtu wa hospitali, sikupaswa kukueleza hili. Februari nayo ni mbali sana kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja linalofifia. Umembembeleza miaka miwili, leo amekubali, halafu umwambie asubiri kwa sababu wewe unaona haya? Haya zako zivumilie mwenyewe.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, vaa sare safi, chukua barua zote mbili za kuitwa, nenda kwa Sista peke yako. Bartolomayo asikusindikize, ataharibu kwa kuchekesha. Sema, "Nilikudanganya. Bibi yangu yu hai. Nilikwenda kwenye intavyuu." Ukishasema hivyo funga mdomo wako, maana tumeona unavyofanya ukiachiwa. Atakukaripia, na ana haki. Akikwambia urudie wodi ya watoto, rudia. Akimaliza, ndipo umwekee mezani barua ya pili, umwombe siku tatu kwa sababu yake halisi, na ujitolee kuzifidia kwa zamu za Jumapili. Mwambie pia mgonjwa gani anakuja na ni nani kwako.

Akikubali, Bartolomayo akae na bibi yako akimaliza kazi yake. Walielewana Busi, wataelewana wodini. Ila umwonye, mtu aliyetoka kupasuliwa jicho hatakiwi kutikisika, kwa hiyo utani wake aufunge mpaka bandeji itakapofunguliwa. Najua ni kumtesa, lakini naye alikwenda msibani bila kuuliza.

Akikataa, usiende. Kaa kando ya kitanda cha bibi yako, uombe tena mwakani. Itakuuma, na sitakudanganya kwamba nafasi itakungojea.

Mzee Akbarali naye mwendee mapema, mwombe radhi, kwa sababu huenda bibi yako akashuka kwenye lori lile lile lililobeba mchele wa hitima yake, na si vizuri mzee wa watu apate mshtuko.

Wewe ni mtoto mwema, mjukuu, tena mwoga, na nimewaona waganga wengi wazuri walioanza hivyo. Bibi yako alikuwa tayari kulala kitandani akijifanya anaugua ili wewe usafiri. Basi bandeji itakapofunguliwa uwe umesharudi. Hitima yake aliila bila wewe. Siku hiyo pika wali kwa mkono wako, umpelekee, ukae ule naye, aone anachokula na anayekula naye.