Maneno Ambayo Hukuyasema, Skola

Skola,

Wiki hii wanataka kupaka maneno yako ukutani. Ni ule ukuta wa mbele wa shule unaotazama barabara, tuliokatazwa kuuegemea kwa sababu chokaa yake inachafua sketi. Herufi zitakuwa za kijani, kubwa, hata wa bodaboda azisome bila kusimama. Jumamosi mama yako ndiye atakayevuta kitambaa. Na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hujawahi kuyasema.

Leo ni Jumanne. Niko maktaba, kwenye ile meza ya nyuma yenye mguu mfupi. Sijui barua hii nitaipeleka wapi. Nimejaribu kumweleza mtu aliye hai nikashindwa, nimebaki na wewe tu.

Nianze na fulana, maana yote yalianzia pale.

Baada ya mazishi ndugu zako walikaa siku moja kugawa nguo zako. Shangazi yako wa Mwazye alichukua lile sweta zito, binamu yako akapewa gauni la Pasaka. Mimi nilikuwa karibu na mlango nafuta vyombo, wala sikutegemea kitu. Mama yako akaniita. Alikuwa ameshika fulana ya klabu yetu ya mazingira, ameikunja vizuri kama ya dukani. Akasema, "Gau, hii ni yako. Nani mwingine atajua kuivaa?" Nikaipokea kwa mikono miwili. Nilipofika nyumbani ndipo nikaifungua, nikaona mgongoni MWENYEKITI, na ile K iliyobanduka nusu kwa sababu ulikuwa unaikwangua kwenye kipindi cha Jiografia.

Ningeikataaje, Skola? Nani amewahi kumrudishia mama nguo ya mtoto aliyemzika?

Jumatatu nikaipeleka shule ndani ya begi, nimrudishie Madam Atupele kimyakimya, amtafute mwenyekiti mwingine. Nilipoitoa tu macho yake yakalowa. Akaita klabu nzima darasani saa ya mapumziko, akaiinua juu, akasema mama wa marehemu mwenyewe ameshatuchagulia. Kizito akaanza kupiga makofi, unamjua, hata pasipo na cha kupigiwa makofi yeye hupiga. Wengine wakafuata. Ndivyo nilivyokuwa mwenyekiti. Mimi, ambaye niliomba ukatibu kwa sababu katibu anaandika na kunyamaza.

Kumbe fulana yenyewe ulikuwa mbioni kuivua.

Ile Ijumaa pale bombani nyuma ya jiko, tunasuuza chupa, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Ukasema, "Gau, mimi nimechoka. Tunaokota Jumamosi, Jumatatu pamejaa vilevile. Wiki ijayo namrudishia madam fulana yake." Nikakuuliza, ukiacha mimi nitabaki na nani? Ukanirushia maji usoni: "Utabaki na Kizito. Mkazae chupa." Nikakununia karibu nusu saa. Nusu saa nzima, na tulikuwa tumebakiwa na siku tano.

Kesho yake ulikuja, lakini ulikuwa kimya. Hukuzunguka na gunia. Ulikaa kivulini ukishindilia karatasi za biskuti ndani ya chupa kwa kijiti, zile za kujengea benchi, na mkono mmoja umeshika paji la uso. Nikadhani umeninunia na wewe. Jumapili nikasikia una homa. Hospitali wakasema malaria imeshapanda kichwani, na kwamba huenda uliitoa kule bondeni ulikokwenda kumsalimia mama yako mdogo. Jumatano ukaondoka. Sikukwambia hata kwamba nilishaacha kununa.

Sasa sikia nilivyojifunga mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kuvaa fulana yako, tulikuwa Katandala tunasafisha mtaro, mama yako akatokea. Kila mtu akatoa shikamoo, halafu hakuna aliyejua ampe kiti au ampe gunia. Akachukua gunia. Tangu siku ile hajakosa Jumamosi hata moja. Anafunga genge lake la maharage, anajifunga kanga kiunoni, anaokota bega kwa bega na watoto wa kidato cha kwanza. Watu wameanza kumwita Mama Deo, kwa jina la mdogo wako, nadhani wanaona ni kumhurumia. Haitiki. Mpaka umwite Mama Skola ndipo anageuka.

Siku hiyo alitembea karibu yangu. Akaniuliza, "Skola alikuwa anasemaje akiwa huku kwenye kazi?"

Ningemwambia nini? Kwamba ulikuwa unasema mgongo unakuuma? Kwamba mwezi mzima ulikuwa unawatafutia majina watu wanaotupa nepi mtaroni? Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kupewa maji. Nikafungua mdomo yakatoka: "Alikuwa anasema, mji ni nyumba yetu sote, tukiusafisha tunajisafisha wenyewe."

Sijui yalitoka wapi. Pengine kitabu cha Uraia. Mama yako akasimama katikati ya mtaro, akayarudia polepole, neno kwa neno. Kisha akaenda kumwambia madam. Madam akayaandika kwenye karatasi ya manila. Manila ikabandikwa kwenye ofisi ya kata siku ya kukabidhi mapipa ya taka. Na kila anayeniuliza tena namwongezea kidogo, kwa sababu nikikataa itabidi nieleze lile la kwanza. Mpaka leo una misemo mitano, Skola. Hata mwalimu wa Uraia hafikishi.

Nimetafuta pa kutokea. Nikinyamaza kwenye mkutano, wanasema nina majonzi. Nikilia, wanasema nakukumbuka. Wiki iliyopita nilimwambia Madam Atupele naomba kupumzika uenyekiti. Akanishika bega, akasema, "Ni kawaida, Gaudensia. Jikaze. Fikiria Skolastika angetaka nini." Nikamjibu ndiyo madam. Kila ninachosema sasa kinageuka kuwa ndiyo. Sina tena neno la kusema hapana.

Na kile kipaza sauti! Wananishikisha kile cha kubonyeza, natakiwa niwaambie watu wa mtaa watenganishe chupa na mabaki ya chakula. Sauti yangu inatoka kama ya mbu kwenye kopo. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alimaliza maji yake, akaitupa chupa mbele ya viatu vyangu, akasema, "Haya mwenyekiti, hiyo nyongeza." Wenzake wakacheka. Nikaiokota. Wewe ungemjibu. Nakumbuka yule mwingine aliyefanya hivyohivyo, ukamwambia, "Asante kaka, na hiyo kofia nayo tuitie kwenye gunia? Maana umri wake umekwisha." Wenzake wakamcheka yeye, na wiki iliyofuata akatuletea mfuko mzima wa chupa.

Nakumbuka pia siku madam alipotufundisha mboji. Ameandika ubaoni hatua kwa hatua, nyasi chini, udongo juu, subiri vioze, anaeleza kama habari mpya kutoka ng'ambo. Ukanyoosha mkono: "Madam, samahani, hii si ntumba tu?" Darasa zima likaangua kicheko. Madam, mtu wa Mbeya, akauliza ntumba ndiyo nini. Ukamweleza jinsi bibi yako wa Msanzi anavyofukia nyasi ndani ya tuta la duara, anapanda maharage juu, na msimu unaofuata anatawanya udongo ule apande ulezi. Ukasema, "Bibi hajui kusoma, madam, lakini hilo somo lako atakupa mia kwa mia." Madam akafuta ubao, akaandika NTUMBA. Sisi tuliozoea kuambiwa tusiongee Kifipa darasani tukalitazama lile neno limekaa pale juu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako. Ningemwambia mama yako hayo. Kwa nini sikumwambia hayo?

Kengele imelia. Naficha barua.

*

Ni Jumapili sasa, niko nyumbani kwa bibi. Nimerudi kumalizia.

Alhamisi nilikwenda kwenu. Niliamua njiani mara tatu kurudi. Mama yako alikuwa uani na magunia yake, anachambua maharage. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kaa, chukua ungo ule." Nikakaa. Tukachambua, mawe huku, maharage mabovu kule. Ungo wa kwanza uliisha sijasema kitu. Wa pili nao ukafika nusu. Nikasema huku nimeinamia ungo:

"Mama, yale maneno ya ukutani Skola hakuyasema. Nimeyatunga mimi. Yote. Na ile Ijumaa aliniambia anataka kuacha klabu."

Nilingoja anifukuze. Vidole vyake havikusimama. Akasema, "Najua."

"Unajua lipi, mama?"

"La kuacha. Jioni ileile aliniambia na mimi. Asubuhi akasema haendi, kichwa kinamuuma. Nikaona ni uongo wa kukwepa kazi. Nikamwambia wewe ndiye mwenyekiti, watoto wa wenzio wanakungoja, amka acha uvivu. Nikamvuta blanketi." Halafu akarudia, kwa sauti ndogo zaidi, "Nikamvuta blanketi, Gau, na baridi ile."

Nikamweleza, Skola. Nilimweleza yote tuliyosoma kwenye Baiolojia. Kwamba mbu alishakuuma siku nyingi kabla, kwamba vijidudu vilikuwa tayari kwenye damu, kwamba baridi haileti malaria. Nikaanza hata kueleza habari za ini. Alinisikiliza kama wanavyomsikiliza mtoto anayesoma somo kanisani, kwa heshima, uso haubadiliki. Nilipomaliza akasema, "Ahsante mwanangu. Lakini Jumamosi mimi sikai ndani ya nyumba ile. Sijaweza."

Kumbe sikuwa nimefungwa peke yangu. Alikuwa anaokota ili asikae, na mimi nilikuwa naokota kwa sababu yeye anaokota.

Kisha akaniuliza, "Na hayo ya nyumba yetu sote, uliyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Nilijua. Mwanangu hakuwa na Kiswahili cha namna hiyo. Skola angesema, 'Okoteni upesi, uji unapoa.'" Akacheka. Mama yako alicheka, Skola, mpaka akashika magoti, na mimi nikacheka, na sijui ni saa ngapi kile kicheko kilibadilika, maana baadaye tulikuwa tunajifuta wote kwa kanga moja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema, "Yalikuwa mazuri. Nilitaka awe aliyasema."

Ijumaa nikamwambia Madam Atupele, mbele ya ukuta wenyewe, kwa sababu fundi alikuwa ameshaanza na ameshamaliza MJI NI. Hilo la mama yako na blanketi sikulitaja, na sitalitaja. Nilisema nimedanganya. Madam alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema nimemwaibisha mbele ya ofisi ya kata, na kwamba hakutegemea haya kutoka kwangu, mwanafunzi anayesoma vizuri hivi. Yote ni kweli. Nikasema basi nivueni uenyekiti. Nilidhani hapo ndipo mlango utafunguka. Akasema, "Hapana. Utabaki nao mpaka mwisho wa mwaka, na manila utaibandua mwenyewe, na kata utakwenda kuwaeleza mwenyewe."

Nikaenda. Sauti ilikuwa ileile ya mbu, lakini ilitoka. Mtendaji akanisikiliza, akasema hata yeye aliona maneno yale ni makubwa mno kwa mtoto wa kidato cha tatu.

Kwa hiyo Jumamosi haikuwa na kitambaa cha kuvuta. Fundi alipaka chokaa juu ya MJI NI, mara moja tu, na maneno bado yanaonekana kwa chini kama mtu aliyejifunika shuka jembamba. Wa bodaboda wameshaanza kuuliza, "Mwenyekiti, mji ni nini?" Kizito amewajibu kwa niaba ya shule nzima: "Mji ni Kizito."

Mama yako alikuja. Nilidhani baada ya Alhamisi hatakuja. Akachukua gunia kama kawaida, tukashuka mtaroni. Hakuniuliza ulikuwa unasemaje. Nilimweleza mwenyewe habari ya kofia ya bodaboda, na ya ntumba ubaoni, na ile ya mimi kwenda kuzaa chupa na Kizito. Ya mwisho akanipiga kofi la mgongo: "Watoto nyie!" Halafu akasema tuinue mwendo, gunia bado tupu.

Bado nimekwama, Skola. Sitaki ndani ya barua hii nikudanganye pia. Sipendi kipaza sauti, sipendi kuangaliwa, na Jumamosi usiku mikono yangu inanuka mtaro hata nikiiosha kwa majivu. Kuna siku nakukasirikia kwa kutangulia kuchoka. Lakini nikiacha sasa, atabaki mwanamke mzima mmoja kati ya watoto, na gunia, na hakuna anayejua kwa nini.

Wakiniuliza habari zako nitawapa zile za kweli, hata zile ambazo hazifai kubandikwa popote. Sitakutungia neno jingine. Na mama yako, siku atakayoweza kukaa nyumbani Jumamosi atakaa, na mimi ndipo nitajua kama nilikuwa nataka kuacha kweli. Mpaka hapo nitakuwa mtaroni pamoja naye.

Nakuaga, rafiki yangu. Namsikia mama yako yuko mlangoni anamwamkia bibi, amenipitia twende sala za jumuiya. Ameniita mara mbili. Naitika.

Gau