Baba na Muuza Magazeti Mwenye Baragumu

Leeds, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo imenivalia njuga.

Makumbusho ninakofanyia mafunzo yanaandaa maonyesho ya michoro ya kejeli ya Waingereza wa karne ya kumi na tisa. Nimepewa mchoro mmoja niuandikie maelezo. Nakutumia nakala, maana simu yako ya kitochi haipokei picha. Ni muuza magazeti anayepiga baragumu mpaka mashavu yamevimba, na watu wanaziba masikio. Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, baba, kwa sababu tangu nifike nimewaambia wewe ni mwandishi wa habari. Nisamehe. Niandike nini juu ya mtu huyu?

Binti yako,
Evelina

Mirongo, Mwanza, 29 Machi 2025

Evelina mwanangu,

Marahaba. Milele amina. Mama yako magoti yanamuuma, mdomo hauumi.

Umeniumiza, na si kidogo. Miaka ishirini na sita nimesimama hapa, na wewe umesomeshwa na meza hii ya magazeti. Lakini tuzungumze kazi, maana kwa hili hakuna wa kunifundisha.

Tazama kwapani kwake. Mzigo wa magazeti bado mnene, na kivuli kifupi, jua limeshapanda. Habari zake zimelala. Gazeti lenye habari moto halipigiwi baragumu. Mimi nalikunja tu, kichwa cha habari kionekane nusu, watu wanakuja wenyewe wakipinda shingo. Halafu mtazame mzee aliyeziba sikio moja. Mkono wa pili uko mfukoni, anatoa hela. Mimi na Mhoja wa meza ya jirani tumeona anayechekwa hapo ni mnunuzi.

Andika hivyo. Ila usinifanye mwandishi wa habari. Mwandishi anaandika, mimi nauza, na bila mimi angejisomea peke yake.

Baba yako,
Elias Shigela

Leeds, 12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na mama mpe pole.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi. Watu walifika kwenye mchoro wakicheka, wakasoma maelezo, wakarudi kuinamia kwapa na mfuko. Mkuu wetu, mama asiyesifu mtu, akaniuliza mbele ya wote nimeyatoa kitabu gani. Nikamwonyesha mstari wa mwisho: "Maelezo haya ni ya Elias Shigela, muuza magazeti wa Mirongo, Mwanza. Ni baba yangu."

Akaenda kabatini akaleta michoro mingine minane ambayo hawajaielewa. Nakala zake zimo humu ndani ya bahasha. Wanakusubiri.

Binti yako,
Evelina