Mtaa Mzima Unasema Mimi Ndiye Ninayemliza

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi unazopokea ni za wanawake wanaolizwa na waume zao, na pengine ukifika katikati ya hii yangu utasema huyu naye ni walewale, amekuja kujisafisha, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu mtaa mzima unasema namliza mke wangu na mimi nimeapa kutojitetea, na Jumapili wajomba zake wanakuja kunikalia kikao, na sijui nitafungua mdomo niseme nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha nyumba tunayopanga, na mke wangu ni mvuvi, tena siyo mvuvi wa kukaa nyuma akivuta kamba, yeye ndiye anayesimama mbele ya boti kuangalia maji. Kama hujui kazi hiyo nikueleze kidogo, maana nikianza kumsifu huwa sijui kunyamaza. Boti yao ni ya mashine, wanatoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeshawachoma vya kutosha, na wavu wao ni wa kuzungushia samaki wanaotembea kwa makundi, sasa lazima awepo mtu wa kuliona kundi kabla halijashtuka, na mtu huyo ni yeye. Anaangalia rangi ya maji inavyogeuka, anaangalia pale maji yanaposisimka kidogo kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi, ananyoosha mkono tu, nahodha anakata kona, wavu unashuka. Wenzake wote ni wanaume na wamempa jina la Darubini, na alipolala nyumbani na homa walirudi na vindoo vinalia vitupu, nahodha akaja mwenyewe mlangoni kuuliza anaendeleaje, na mimi nikajifanya nashona ili asione ninavyocheka kwa kuona fahari.

Hata hapa nyumbani ninategemea macho yale. Mimi macho yangu hayaoni vizuri vitu vya karibu, basi jioni yeye ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano zangu, anazichoma kwenye kimto changu, kesho yake nashona bila kuhangaika. Sasa, Shangazi, siku hizi naona uzi unapita pembeni ya tundu. Anaulamba, anajaribu tena, unapita pembeni tena, halafu ananiambia uzi huu mbovu, umenunua wapi, na mimi nasema kweli nimepunjwa, kumbe uzi ni uleule wa siku zote.

Macho yake yamekuwa mekundu muda mrefu sasa, yanachuruzika machozi, anasema ndani ni kama kuna mchanga, anayafikicha kwa mkono uleule uliotoka kushika wavu, na akizidiwa huko huko majini anachota maji ya bahari anajirushia usoni. Kwenye jicho la kulia, kona ya upande wa pua, kimeota kijinyama, mwanzoni kilikuwa kidogo hata sikukitilia maanani, sasa kimeanza kupanda juu ya weusi wa jicho. Mwenzake mmoja kwenye boti alimpa kichupa cha matone alichonunua kwa mchuuzi, na ni kweli akitia wekundu unaondoka mara moja, lakini ukirudi unarudi na hasira zaidi, na bado anatia.

Usidhani nilikaa tu. Nilimnunulia miwani ya jua, nyeusi tii, akaivaa akatoka nayo, akarudi ameiweka mfukoni, akasema bahari yote ilikuwa giza, wamepita juu ya samaki asiwaone, na nahodha akasema leo Darubini tumemfungia pazia, wakacheka mpaka nchi kavu. Hajaivaa tena. Nikamshonea kofia, na hii nasema bila haya kwamba ni kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, ukingo mpana, juu kitambaa kigumu cha buluu, na ndani ya ukingo nikatia kitambaa cheupe chenye kung'aa kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, nikaona mke wangu anastahili kilicho bora. Hiyo anaivaa kila siku. Macho hayajapona.

Sasa tatizo lenyewe ni hili. Watu wanamwona anarudi kutoka ufukweni macho mekundu, machozi yanatiririka, anaingia ndani kwangu na mlango unafungwa, na kesho yake anatoka macho mekundu vilevile. Wakajipigia hesabu zao. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameacha kunisalimia. Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akaniambia hawezi kumpa kazi mwanamume anayeliza wenzake. Habari zikamfikia mama mkwe, naye akaja na begi, mpaka leo yupo, analala na mke wangu chumbani na mimi nalala kwenye kibaraza karibu na cherehani. Mama huyo nilikuwa namheshimu na bado namheshimu, lakini aliniambia maneno ambayo hayanitoki kichwani. Alisema, "Mwanangu hakulia hata alipofiwa na baba yake. Kwako ndiko alikojifunzia."

Mke wangu akamjibu kwamba simfanyi chochote. Mama akasema ndivyo wote wanavyosema.

Utaniuliza kwa nini sisemi ukweli yakaisha. Kwa sababu nimemwahidi mke wangu. Mama mkwe anaparua samaki palepale zinapofikia boti, na ni mtu mwema lakini hana kifua, ukimwambia jambo asubuhi, mchana nahodha analo, na nahodha ana mpwa wake anayetafutiwa nafasi ya kusimama mbele. Usiku ule mama alipofika na begi lake nilimwambia mke wangu kwamba nimefika mwisho, kesho nasema. Akanishika mkono. Akasema, "Wewe wakikuita mbaya utabaki fundi. Mimi wakinitoa mbele nitabaki nani?"

Ndiyo nikanyamaza, Shangazi, na nimenyamaza mpaka leo, na nikikaa kimya jina langu linaoza na mke wanamchukua, nikisema nimemvunja mtu ninayemheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na katikati ya hayo yote jicho linazidi kufungwa na kile kijinyama, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo kinyozi. Nifanye nini? Nakuomba usiichape barua hii, hapa kwetu watatujua kwa neno la kwanza.

Ni mimi, fundi niliyefumba mdomo.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi.

Nilipoanza kukusoma nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni nikugombeze. Nilipomaliza nilikuwa nimekasirika kwa sababu nyingine kabisa. Wanaume wengi wananiandikia kutetea sifa zao, na wewe umekaa kwenye kibaraza chako unatukanwa, unalala kando ya cherehani, ili mke wako aendelee kusimama anapopapenda. Nakuvulia kofia, na tukishafika kwenye kofia tutaongea, maana hapo sitakusifu.

Nimemwuliza daktari wa macho ninayemwamini, bila kumtajia mtu. Amesema kijinyama hicho anakifahamu vizuri, kinawaota sana watu wanaoshinda kwenye jua, upepo na maji yanayomeremeta, na kikiachwa kikafika katikati ya jicho kinaziba kuona. Kinatibika, lakini ni lazima kionekane na daktari, siyo na mchuuzi wala na wewe. Kile kichupa usikitupe, kipeleke kwake akisome ajue mkeo amekuwa akitia nini, ila tone jingine lisiingie. Kuna dawa zinazosafisha wekundu na huku zinaharibu jicho kwa ndani, na mwenye jicho anashangilia.

Miwani uliyonunua ilikuwa giza tupu, na mkeo alikuwa na haki ya kuivua. Giza bila kinga linaidanganya mboni, inafunguka kama vile ni jioni, na mionzi ya jua inaingia kwa raha zake. Ipo miwani inayokata ule mng'ao wa juu ya maji. Mtu akiivaa anaona chini ya uso wa maji kuliko akiwa macho matupu. Ukienda dukani hakikisha imeandikwa kwamba inazuia mionzi ya jua, kisha iweke mbele ya kioo cha simu na uizungushe taratibu. Kioo kikiingia giza na kurudi kung'aa, ndiyo hiyo. Chagua pana, inayokumbatia uso mpaka pembeni ili upepo na matone ya chumvi yasipenye, na uishonee ukanda wa kuifunga nyuma ya kichwa. Hiyo kazi ya ukanda haiwezi kunishinda mimi, sembuse wewe.

Sasa kofia. Fundi mzima! Jua haliji kutoka juu peke yake, linagonga maji na kurudi juu, linapiga ndani ya ukingo, na wewe ndani ya ukingo umeweka kitambaa cha bibi harusi. Mke wako amekuwa akitembea na kioo kwenye paji la uso, na anaivaa kila siku kwa sababu umeishona wewe. Ifumue leo. Ndani tia cheusi kisichong'aa hata kidogo. Uzuri wake mpya hautaonekana kwa nje, lakini mwenye kuivaa ataujua.

Limebaki suala la mikono na maji. Achukue chupa ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa, anawe chumvi usoni kwa hayo na siyo kwa bahari. Macho yakimwasha afumbe, apepese, asifikiche.

Kuhusu kikao, usivunje ahadi yako. Siri hii si yako kuitoa, na mwanamume aliyekaa nayo mpaka hapa asiiharibu mlangoni. Lakini hukuahidi kutompa mkeo barua. Nimeituma hii kwa mkono wa mtu, sijaichapa. Mpe asome kuanzia mstari unaofuata, na ukimaliza kumpa toka nje ukakae kwenye kibaraza.

Mke wa fundi, sasa naongea na wewe. Nimesoma habari zako na nimekupenda kabla sijakuona. Mwanamke anayesimama mbele ya boti ya wanaume na nahodha anageuza usukani kwa kidole chake, sijapata barua yake siku zote nimeketi kwenye kiti hiki. Kwa hiyo nisikilize kama ninayekutakia mema. Unaogopa nahodha akijua jicho linakusumbua atakutoa mbele. Na jicho likifungwa, atakuacha mbele uangalie nini? Nenda kwa nahodha mwenyewe kabla ya maneno ya watu. Mwambie unakwenda kutibiwa na unarudi, na ukirudi utakuja na miwani ambayo wao wataomba zamu ya kuivaa. Kama ni nahodha wa kweli anajua anachopoteza, amewahi kuja mlangoni kwako kuuliza homa yako. Kama akimpa mpwa wake nafasi moja kwa moja, boti nyingine zina macho ya kawaida na zinakutafuta.

Ulimwuliza mumeo ukitolewa mbele utabaki nani. Swali zuri, ila ulimwuliza mtu ambaye wewe mwenyewe umemwacha abaki mbaya. Umesimama pale unaona samaki walio chini ya maji, na nyumbani hujaona mtu mzima anayeliwa na mtaa kwa ajili yako? Uzi si mbovu, mama. Anajua. Amekuwa akikubaliana na wewe kwa sababu anakupenda.

Jumapili usimwache aulizwe yeye. Wajomba wakishaketi, mama yako akishauliza nani anayekuliza, simama ujibu wewe: ni jua, ni chumvi, na ni ubishi wangu. Kisha nenda ukae pembeni ya mumeo, upande ule ambao wote watawaona.

Shangazi

Majibu haya yalifika mikononi mwa wenyewe kwanza. Yamechapwa baadaye pamoja na barua yenyewe, kwa ruhusa yao wote wawili, baada ya kupokea ujumbe huu kutoka kwa mke, ambaye ametaka uwekwe kama ulivyo:

"Shangazi, yachape, sasa wajue wote. Daktari amekiona kijinyama na nimepangiwa siku ya kukatwa. Mpwa wa nahodha ananishikia nafasi mpaka nirudi, na nasikia samaki wamefurahi sana. Jumapili nilisema kama ulivyoniambia, hata neno la ubishi, nikawaeleza na habari ya kofia, ambayo mume wangu alikuwa bado hajaifumua. Wajomba walitazama chini. Mama aliinuka akaenda kwenye kibaraza, akachukua mkasi wa mume wangu, akaketi kwenye kiti chake cha kushonea, akaanza kufumua kile kitambaa cheupe cha kofia yangu yeye mwenyewe."