Mwambie Ndugu Yangu, Bibi Mwenyekiti

Wexcombe,
New Hampshire.
Machi 19, 2011

Mpendwa mwanangu Corinne,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye goti linamuuma lakini mdomo haujambo. U hali gani huko Uskoti? Mumeo Ewan je, kikohozi kimemwacha? Na huyo mgeni wa tumboni, ameanza kukupiga mateke? Kula vizuri na usinyanyue vitu vizito, hata wakikwambia wanawake wa huko hunyanyua.

Sisi tu wazima. Theluji bado imeziba nusu ya dirisha la jikoni, ila mchana jua linachoma na miti ya maple imeanza kutoa yale maji matamu tunayoyachemsha yawe shira. Nimekuwekea chupa mbili za shira ya kwanza, ile nyeupe uipendayo.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza kwenye simu huku unalia, kama baba yako na baba yako mdogo Royce bado hawasemezani. Siku ile nilikukatiza nikakuuliza habari za hali ya hewa, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa mjamzito. Leo ninalo.

Chanzo unakijua. Mwezi wa kumi Royce aliamua kujenga vibanda sita vya kupangisha watalii kwenye kilima alichorithi, pale juu ya kanisa. Hakumwambia kaka yake. Baba yako Alden alikwenda kupiga kengele ya ibada, akainua macho, akakuta vigingi vimeshapigwa. Tangu siku hiyo baba yako akawa anakuja kula maharage kwangu Jumamosi, na Royce anakuja Jumapili. Nimekula maharage siku mbili kila wiki tangu majani yapukutike, mwanangu, na paka amehama chumba changu.

Kinachonichekesha ni kwamba ukiwasikiliza hawa wawili bila kuwaona, utadhani ni mtu mmoja. Wote ni watu wa soko huria, wote wanamlaani mtoza kodi, wote wanaona serikali ya Washington imenenepa mno. Ila baba yako ni mhafidhina hasa. Kwake yeye uhuru ni kitu ulichoachiwa na waliokutangulia, kama nyumba, na nyumba haisimami bila kanisa, desturi na sheria kidogo za kuizuia isianguke. Royce anasema uhuru ni wa kila mtu tangu alipotoka tumboni, hakuachiwa na yeyote, na kwamba hakuna sheria ndogo, maana hata hiyo ndogo huzaa wajukuu. Mimi ninawapenda wote wawili na wote wawili wananichosha.

Basi baba yako akapeleka hoja kwenye mkutano wa mji: asijenge mtu nyumba ya biashara bila idhini ya mji. Na mwenyekiti wa mkutano, kama ujuavyo, ni mimi. Asubuhi ile niliomba nipate homa, sikupata.

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Unaikumbuka kanuni yetu: mtu hamsemeshi mwenzake moja kwa moja, kila neno lipitie kwa mwenyekiti. Ndugu zangu hao walikaa safu moja, viti vitatu tu katikati yao.

"Bibi Mwenyekiti," akaanza baba yako, shingo imemwiva, "hebu muulize ndugu yangu, hiyo barabara anayopitishia magogo yake, theluji huwa anaiondoa nani? Malaika?"

"Bibi Mwenyekiti, mwambie kaka yangu kodi ya barabara nalipa, ingawa naona ni wizi. Na umuulize, tangu lini kaipenda serikali? Ikiwa huko Washington anaitukana, ikija kukaa hapa kwenye kiti chake anaichemshia kahawa!"

Watu wakacheka. Baba yako hakucheka.

"Mwambie sizungumzii serikali. Nazungumzia kilima. Marehemu baba alitaka mtu akitoka ibadani aone miti, asione bafu za watalii."

"Mwambie marehemu baba aliniachia mimi kile kilima. Angetaka kiwe cha kamati, si angeiachia kamati!"

"Mwambie ana kichwa kigumu!"

"Mwambie hicho nacho nimerithi!"

Nami nikawa nageuza shingo huku na huku, nikirudia maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia. Moyo uliniuma, Corinne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kuzisikia sauti zao chumba kimoja, na hata hapo walikuwa wananisemesha mimi.

Tukapiga kura kwa kunyanyua kadi. Zikahesabiwa, zikahesabiwa tena, zikalingana. Ukumbi mzima ukanigeukia, maana hapo kura ya mwenyekiti ndiyo huamua. Nikipiga kura kuunga mkono, sheria imepita na Royce nimempoteza. Nikinyamaza, hoja imekufa na Alden nimempoteza. Hata kutofanya kitu kulikuwa ni kuchagua ndugu mmoja.

Ndipo baba yako akasimama. "Bibi Mwenyekiti, kabla hujatangaza. Nabadili kura yangu. Dada yetu asi..."

Hakumaliza. Royce naye alikuwa kashasimama, kadi iko juu. "Na mimi nabadili! Andikeni naunga mkono! Mwacheni dada!"

Kisha Bi Thurlow, mhesabu kura, akavua miwani. "Jamani, huyu kaja huku, yule kaenda kule. Si bado zimelingana?"

"Kaa chini wewe!" baba yako akamgeukia Royce. "Nilikuwa nakupa kilima chako!"

"Kaa wewe! Nilikuwa nakupa sheria yako, mzee mbishi!"

"Nani kakuomba?"

"Na wewe nani kakuomba?"

Walikuwa wamenyoosheana vidole usoni, na Bibi Mwenyekiti hakutajwa tena. Nyundo ya mwenyekiti nilikuwa nayo mkononi, na kanuni ilinitaka niigonge. Niliiweka mezani nikalia mbele ya mji mzima, bila haya.

Kura sikupiga, hoja ikafa. Kama unataka kujua ningepiga upande gani, uliza nikishazikwa.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote. Royce sasa anasema vibanda vitakuwa vitatu, nyuma ya kilima, na kwamba ameamua kwa hiari yake na asitokee mtu akaita jambo hilo idhini. Baba yako anasema yeye hakutoa idhini wala hakuombwa, na vitatu bado ni vingi. Wamebishana mpaka maharage yakapoa. Sasa hivi wako nje wanachemsha shira, na ninawasikia mpaka humu ndani.

Mama yako Doreen anakusalimu sana, na Bi Thurlow pia. Nisalimie Ewan na mama mkwe wako. Mungu akulinde wewe na mwanao, akufungue salama.

Baba yako na Royce kila mmoja amenijia kwa wakati wake akitaka nikufikishie salamu zake. Nimewakatalia. Nimewaambia kazi hiyo nimeacha, wakuandikie wenyewe.

Nikupendaye daima,
Shangazi yako,
Adela Pinkham