Mguu wa Da Leokadia

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua imekatika tangu alfajiri, na mji wa Lindi unanuka udongo mbichi na samaki wa kukaanga. Humu kwenye duka la intaneti tuko wawili tu, mimi na mzee mmoja anayesubiri picha ya mjukuu wake ifunguke. Inafunguka kwa mwendo wa konokono. Sasa hivi imefika kwenye paji la uso.

Nimefarijika. Sijui nianzie wapi, ila neno lenyewe ndilo hilo, na nalitanguliza ili nisije nikajifanya nina huzuni kama kawaida yangu humu bloguni.

Jana nimecheza.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Somoe, mtoto wa Kiranjeranje, nina miaka ishirini. Nalipwa kucheza mpira wa kikapu, ingawa hadi juzi ilikuwa haki zaidi kusema nalipwa kukaa benchi. Kampuni iliyonunua kiwanda cha korosho, kile kilichokuwa cha serikali, iliamua kuwa na timu ya wanawake ya kujitangazia jina. Asubuhi tunachambua korosho, jioni tunafanya mazoezi. Wachezaji hatuwekwi kwenye kubangua, maana mafuta ya ganda yanababua vidole, na Kocha anavipenda vidole vyetu kuliko sisi wenyewe.

Mimi nilichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi yenyewe inaisha kesho. Kocha Mchopa alishasema wazi, mbele ya wote, kwamba ambaye hajacheza hata mechi moja ya msimu hatampa mkataba, arudi kwao. Kwetu si kubaya. Kuna mihogo, kuna ufuta, kuna mama. Ila niliondoka nikisindikizwa na mtaa mzima, na sikuwa na uso wa kurudi nao.

Mechi zilikuwa tisa. Nane nilizitazama nikiwa na jezi safi.

Si kwamba nilionewa. Hili naliandika kwa mara ya kwanza, maana siku zote humu nimekuwa nikilaumu watu. Shuleni nilicheza netiboli, kama wasichana karibu wote wa huku, na nilikuwa mfungaji wa kutegemewa toka Kiranjeranje mpaka Tingi. Kocha aliniona huko, akapenda urefu wangu, akasema kikapu ni mpira ule ule, nitazoea. Basi wiki yangu ya pili, kwenye mchezo wa kirafiki, akaniingiza. Nikapewa mpira. Nikasimama nao wima, nikingoja mpinzani arudi nyuma futi zake tatu kama sheria ya netiboli inavyotaka. Hakurudi. Aliunyakua mikononi mwangu akaondoka nao. Nikamkimbiza hadi mstari wa kati, nikafunga breki hapo hapo kama niliyefika mpaka wa Msumbiji, kwa sababu mfungaji wa netiboli akitoka kwenye eneo lake anapigiwa filimbi. Nikasimama pale nikimtazama anavyofunga. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nilikuwa bado namsubiri refa anitetee.

Tangu siku hiyo, benchi. Na jina juu yake: mwali. Kwa wenzangu, mgeni yeyote wa timu ni mwali, yaani msichana aliyewekwa ndani akifundwa, bado hajatolewa nje. Mwali ndiye anayebeba mipira, ndiye anayejaza maji, na akisemwa hajibu. Walinitania kwa upendo, nakiri, lakini upendo wa namna ile nao unachosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kwa aya kadhaa.

Anayecheza nafasi yangu, chini ya kikapu, ni dada Leokadia. Ni Mmakonde wa Newala, ana miaka thelathini na moja, na mabega kama ya mpasua mbao. Tunalala chumba kimoja kwenye nyumba ya kampuni. Ndiye aliyenipa ndoo yake siku niliyofika sina ndoo. Ndiye anayenikanda goti kwa mafuta ya nazi aliyoyapasha moto mwenyewe. Ikifika isha mimi natandika mswala upande wa dirisha, yeye anakaa kitandani na rozari yake, kila mtu na Mola wake, chumba kinatulia.

Na pale, hatua mbili kutoka alipo, kwa wiki tano mfululizo, nilikuwa naomba mguu wake uteguke.

Naona aibu kuliandika. Sikuomba uvunjike. Nilikuwa na adabu zangu hata katika ubaya: nilimwomba Mwenyezi Mungu uteguke kidogo tu, wa wiki mbili, usimuume sana, na apone kabla msimu haujaisha. Nikimaliza namuuliza kama anataka chai. Ananijibu asante mdogo wangu. Na mimi huyo huyo nakoroga sukari.

Jana basi. Wageni wetu walitoka Dar es Salaam, wakakwama saa nzima na zaidi kwenye kile kipande cha udongo kabla ya Somanga, wakafika na matope hadi magotini. Nikajua watakuwa wamechoka. Wapi. Walitukaba uwanja mzima, kuanzia chini ya kikapu chetu wenyewe. Kila msichana wetu akidunda mpira wanamjia wawili, mmoja mbele, mmoja ubavuni, anaporwa. Tuliporwa mpaka watazamaji wakaanza kuhesabu kwa sauti. Robo ya tatu inaisha, tuko nyuma kwa pointi tisa.

Robo ya nne haikumaliza dakika. Da Leokadia akaruka, akatua, akakaa chini kwenye saruji. Ameshika kifundo cha mguu wa kulia kwa mikono miwili.

Nikainuka.

Watu wanadhani niliinuka upesi kwa sababu nilikuwa tayari. Wallahi niliinuka kwenda kumwomba msamaha, pale pale, mbele ya refa na kila mtu. Kocha akanidaka mkono, akadhani nimejitolea. "Haya mwali, ingia," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hana mwingine.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka mpira uliponifikia, na wale wawili wakaja mbio, mmoja mbele, mmoja ubavuni, wakingoja nidunde. Sikudunda. Sijui kudunda. Niliudaka hewani, nikatua kwa mguu mmoja, nikageuka, mpira ukaondoka juu ya vichwa vyao kabla hawajanifikia. Ndivyo tulivyolelewa sisi wa netiboli: ukikaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, filimbi. Ukarudi kwangu, nikautoa tena. Ukarudi, nikautoa. Wasichana wa Dar wakaanza kutazamana, maana huwezi kumpora mtu mpira ambao hakai nao.

Na wenzangu nao wamesoma shule hizi hizi za huku. Nikaona wanakumbuka mmoja mmoja. Tukawa tunavuka uwanja kwa pasi nne, tano, mpira haugusi saruji, na Kocha akanyamaza. Kocha huwa hanyamazi.

Nilifunga mara mbili, mikono juu ya kichwa, bila kugusa ubao, kwa sababu goli la netiboli halina ubao. Mara moja nilirudia ujinga wangu, nikamkaba mtu kwa heshima zote, futi tatu mbali, akafunga akiwa ametulia kama yuko kwao. Da Leokadia alinipigia kelele kutoka benchi, msogelee, msogelee. Aliyefuata nilimsogelea mpaka nikapigiwa faulo. Ilikuwa faulo yangu ya kwanza msimu huu, nikafurahi kama nimepewa zawadi.

Tulishinda kwa pointi moja. Adhana ya magharibi ilipoanza, Kocha alikuwa amenishika kichwa kwa mikono miwili, ananiambia Jumatatu asubuhi nipite ofisini kuweka saini. Nilikuwa nalia, wakadhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, lakini haikuwa mbele.

Nyumbani sikumwambia kitu. Alijifunga kitambaa mguuni, akanipongeza, akalala. Mimi nilihesabu vigae.

Leo asubuhi nilimwona kupitia dirisha akitoka misa ya kwanza. Njia imejaa madimbwi. Alikuwa anayaruka, na gauni lake la kanisani amelishika juu, anatua kwa mguu wa kulia.

Alipoingia nilikuwa nimeshajiandaa kusema, kwa hiyo nilisema hata baada ya kuona nilichoona. Nilimwambia zote tano, wiki baada ya wiki, na yale masharti yangu ya usimuume sana. Alinisikiliza amesimama, kiatu kimoja mkononi.

"Ulitaja mguu upi?" akauliza.

Nikasema sikutaja, nilimwachia Mungu achague mwenyewe. Akacheka mpaka akakaa.

Mguu wake hauna kitu. Haukuwa na kitu hata jana. Robo ya pili alimwambia Kocha aniingize kwa kuwa mimi sidundi, Kocha akamjibu kwamba amekuja kushinda, hakuja kufuga netiboli. Robo ya tatu akamwambia tena, akajibiwa hivyo hivyo. Basi robo ya nne akakaa chini. "Na usije ukajipa umuhimu," akaniambia, "sikufanya kwa ajili yako. Nilichoka kuporwa." (Haya naandika kwa uhuru wote. Kocha Mchopa anaogopa hata simu yake ya mkononi, sembuse kompyuta.)

Halafu akavua kiatu cha pili, akavipanga vyote viwili chini ya kitanda taratibu sana, akasema na yeye ana lake. Rozari ile niliyokuwa naisikia kila siku, nusu yake ilikuwa yangu. Umri wake hauendi nyuma, na kampuni imeshanong'ona kwamba msimu ujao haitaweka wachezaji wawili wa nafasi moja. "Nilikuwa namwambia Bikira Maria, huyu mtoto mpe afya, mpe na mume mwema, ila mpira usimpe."

Nilimtazama, akanitazama. Malaika wa chumba kile walikuwa na kazi.

Tulicheka sana, halafu mimi nikalia tena, na safari hii hakuna aliyedhani ni kitu kingine. Wiki tano nilikuwa natembea na ubaya wangu nikidhani uko kwangu tu, nikila naye, nikipokea mafuta yake ya nazi, nikijua ninachokiomba. Kumbe wote wawili tulikuwa tunaogopa kitu kile kile. Nimekuwa mwepesi. Hata kutembea kuja hapa nimetembea upesi.

Nimefarijika kwa mkataba, nisijifanye mtakatifu. Nimepiga simu dukani kwa jirani wa mama, nikamsubiri aitwe, na alipokuja nilimwambia, mama nimecheza. Akauliza kama nimekula.

Lakini nafasi bado ni moja. Sikutaka kulisema, akalisema yeye, mchana huu, akiwa anapiga pasi jezi yake. Alisema msimu ujao mmoja wetu ataondoka, na kwamba yeye hana mpango wa kunipisha njia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi, twende uwanjani wawili tu anifundishe kudunda, kwa sababu anaona aibu kushindana na mtu asiyejua kudunda. "Mguu wangu uache," akasema. "Ukiitaka nafasi yangu, njoo uichukue nikiwa nimesimama."

Nimemwambia nitakuja. Naitaka nafasi yake leo kuliko nilivyoitaka jana, na ninamtaka yeye mzima.