Jeki ya Gari la Wagonjwa

Kyaruzi, ile jeki niliyokuazima Jumapili bado iko kwako Nyanga. Nami leo asubuhi sikukagua gari, niliwasha tu nikaondoka.

Tairi limepasuka Muhutwe, nyuma kuna mama mjamzito anatokwa na damu. Nesi Benadetha ananiuliza, "Jeki iko wapi, baba?" Nikasema imeibwa. Imeibwa, ndugu yangu. Ndivyo nilivyosema.

Wanaume wakatoka migombani wakainua gari kwa mikono, mgonjwa akiwa ndani. Mume wake naye aliinua.

Tumefika Bukoba, amepasuliwa, wanasema atapona.

Mume akanishika mkono tuombe. Akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, kisha akamwomba amlaani aliyeiba jeki.

Nikaitikia amina.